Likizo ya mwezi wa sita na watoto na bibi yao, tunataka kuona wanyama na ndege: Amani, Saadani au Pangani?

Mama Wawili wa Mbezi

Habari zenu wanajamvi, wakubwa shikamooni. Naomba mwenye uzoefu wa upande wa Tanga anisaidie mawazo mana nimesoma huku na huku mtandaoni nikazidi kuchanganyikiwa. Shule zikifunga mwezi wa sita nataka niwatoe wanangu hapa Dar tukakae kijijini siku nne tano hivi, mkubwa yupo la sita na mdogo la pili. Simba na twiga wanawajua kwenye simu na kwenye tivii lakini hawajawahi kukaa mahali pakimya wakamsikiliza ndege mpaka wakagundua yuko tawi gani, na mimi hicho ndo nakitafuta kuliko hoteli yenye bwawa la kuogelea. Serengeti na Ngorongoro kwa sasa bajeti haifiki.

Tunaenda na mama yangu mzazi, yeye ni Mbondei wa Muheza kabisa ila aliondoka akiwa binti mdogo, sasa hivi ana miaka sabini na kitu na magoti yanamsumbua, kupanda vilima hawezi. Yeye ndo aliyenitajia Amani, anasema baba yake alikuwa anapanda huko kufata iliki. Kazini wenzangu wananiambia Saadani mana wanyama wapo na bahari ipo hapohapo, mwingine akasema kisiwa cha Maziwe kule Pangani nisikikose. Gari niliyonayo ni IST tu. Naomba kujua mwezi wa sita wapi panafaa, watoto wataona nini hasa kwa macho yao, na usiku huko kukoje mana huyu mdogo anaogopa giza.

Mtu wa Muheza

Dada karibu sana nyumbani, na bibi mfikishie shikamoo yangu. Mimi nakwambia Amani bila kuzunguka, na sababu ntakupa.

Kwanza mjue mnaenda kuona nini. Amani haina tembo wala simba, huo ni msitu wa mlimani, Usambara Mashariki, ni sehemu ya ile Milima ya Tao la Mashariki, misitu ya zamani sana ambayo ilikaa imejitenga juu ya vilima muda mrefu mpaka viumbe wake wengi wakawa wa humo humo tu. Kuna kinyonga wa pembe mbili ambaye kwao ni Usambara Mashariki peke yake, dunia nzima humkuti kwingine, alafu sisi wa Muheza wenyewe wengi hatujawahi kumtafuta. Mtoto akiambiwa hivyo kabla hajamuona, anamtazama kwa jicho jingine kabisa.

Kwa watoto anzeni na mbega. Asubuhi kwenye saa kumi na mbili na nusu mnamsikia kabla hamjamuona, ana mngurumo mzito unatoka juu kwenye miti, alafu mnakuta kundi limekaa linaota jua. Ni mweusi ana manyoya marefu meupe mabegani, na mtoto wake akizaliwa anakuwa mweupe mwili mzima, kwahiyo mkiona kitu cheupe kimemng'ang'ania mama yake tumboni basi hapo mna bahati. Anakula majani, na baada ya kula anakaa sana kwahiyo hata mtoto asiye na subira anapata muda wa kumuangalia. Kima nao wapo wengi, hao ndo wachangamfu, msiwape ndizi wala biskuti hata wakisogea mana wakizoea wanaanza kuvamia majumba na mashamba ya watu na mwisho wake wanauliwa.

Alafu hondohondo. Huyu ndege mkubwa akipita juu yenu mnasikia mabawa yake yanavuma, watoto lazima wataangalia juu. Na habari yake ya kutaga wasimulieni njiani: jike anaingia kwenye tundu la mti, mlango unazibwa kwa udongo unabaki upenyo mwembamba tu, humo ndani anakaa na mayai mpaka vifaranga, na kipindi chote hicho dume ndo anamletea matunda anampitishia kwenye upenyo. Mbegu za matunda anazimwaga msituni kila anakopita kwahiyo miti mingi mnayoiona kuna ndege nyuma yake.

Kuhusu njia, IST yako iache Muheza mjini kwenye gesti yenye mlinzi. Kutoka Muheza kwenda Amani ni kama kilomita 35 na barabara ni ya vumbi, mwisho ina kona na kupanda, na baada ya masika kuna sehemu zinateleza vibaya. Kuna magari ya abiria yanapanda, mengi mchana mchana, au mkodi Noah ya mtu anayeifahamu njia. Mwezi wa sita huko juu ni baridi kweli, kule ni kama mita 900 kutoka usawa wa bahari, ukungu unashuka muda wowote, bibi abebewe sweta na kanga ya kujitanda.

Kijana wa Ngamiani

Mi naomba nitofautiane na mkuu hapo juu. Amani nimefika na washkaji, tulikwenda na pikipiki tukafika saa sita mchana tukazunguka mpaka saa tisa, kwakweli ni miti na ukungu tu, nyani wawili barabarani basi. Mtoto wa la pili anataka kitu kikubwa akione. Nenda Saadani dada, kule unamuona tembo, twiga, nyati, kongoni, na mto Wami kuna viboko na mamba mnawaangalia mkiwa kwenye boti. Ndo hifadhi ya taifa inayogusa bahari ya Hindi ikiwa na wanyama wakubwa wa nchi kavu, sasa hapo unataka nini tena.

Mtu wa Muheza

Kijana wa Ngamiani Saadani ni nzuri sina ubishi nayo. Ila ulichofanya wewe Amani ni kufika saa ambayo kila mnyama mwenye akili amejificha, na mlio wa pikipiki umewatangulia nusu kilomita. Msitu sio mbuga, kwenye mbuga macho yanaenda mbali unamuona mnyama kabla hajakuona, msituni yeye anakusikia kwanza alafu anakuacha upite. Kule inabidi mtembee hatua chache msimame, dakika tano nzima hakuna anayeongea, alafu ndo vitu vinaanza kutokea. Sange kwa mfano, yule mdogo mwenye pua ndefu anayechakura wadudu kwenye majani makavu, ukitembea haraka utasikia tu mchakacho anakimbia, ukisimama anarudi kuendelea na kazi yake karibu kabisa na miguu yako. Watoto wanaweza kukaa kimya kuliko sisi watu wazima wakipewa kazi ya kufanya, mmoja mpe daftari la kuchora alichokiona na mwingine mpe darubini hata ile ya bei rahisi.

Bint Pangani

Assalaam aleykum wapendwa. Mimi niko upande wa bahari naomba niseme ukweli hata kama unapunguza wageni wa kwetu. Mwezi wa sita kusi linakuwa limeshika, bahari inachafuka, na Maziwe inataka bahari iliyotulia hasa ukiwa na mtoto mdogo na mtu mzima wa magoti. Ile sio kisiwa cha miti na kivuli, miti yake ilikufa zamani sana, sasa hivi ni fungu la mchanga tu katikati ya maji na bamvua ikijaa linafunikwa lote, kwahiyo mnaenda kwa saa za maji na nahodha ndo anasema lini mnaondoka na lini mnarudi, sio nyinyi. Matumbawe na samaki wa rangi rangi ni wazuri mno, lakini yaacheni kwa likizo ya mwezi wa kumi na mbili au wa kwanza mwanzoni, kaskazi ikiwa nyororo, mtafurahi zaidi. Na mkija mtu asikanyage matumbawe hata kwa bahati mbaya, yanavunjika na kuota kwake ni taratibu mno.

Kitu ambacho mwezi wa sita mnaweza kukipata huku ni kasa. Mayai mengine yanayotagwa Maziwe wahifadhi wa kijijini wanayahamisha wanayafukia upya pwani ya Ushongo ili maji yasiyazamishe, na yanakaa kama miezi miwili hivi ndani ya mchanga kabla hayajaanguliwa. Kiota kikiwa karibu kuanguliwa wanajua, kwahiyo uliza Ushongo kabla hujatoka Muheza, ukipata bahati mnakuja jioni mnaona wale watoto wa kasa wanavyojikokota kuelekea majini. Hakuna tochi ya mwanga mkali, hakuna kuwashika wala kuwabeba kuwapeleka baharini kwa huruma, waacheni watembee wenyewe kwenye mchanga. Hapo mama utalazimika kumshika mikono huyo wa la pili mana wote wanataka kusaidia. Ushongo ipo ng'ambo ya mto kusini ya Pangani mjini kwahiyo ulizia na kivuko.

Saadani kwa IST mwezi wa sita hapana. Udongo wa kule mweusi ukilowa unanata, gari ndogo inakaa hapo mpaka uje kuvutwa, nyasi nazo baada ya masika zimerefuka unaweza kupita karibu na mnyama usimuone. Saadani ingojee mwezi wa nane tisa mpaka wa kumi huko, nyasi zimekauka, na muende na gari ya juu. Mbung'o wapo pia, msivae nguo za bluu ya giza wala nyeusi, zinawavuta, na wanauma juu ya fulana.

Babu Sigi

Nimefanya kazi za misitu upande huo miaka mingi na nimestaafu, naona vijana mmeongea vizuri, naomba niongeze yangu kuhusu usiku mana mama ameuliza na hajajibiwa.

Binti yangu, usiku ndo wakati mzuri kuliko yote kule na mtoto anayeogopa giza atapona woga wake humo humo. Mkishakula chakula cha jioni mtoke na mwongozaji, msiende peke yenu, na hamna haja ya kwenda mbali, kandokando ya njia panatosha. Kinyonga mchana humuoni hata akiwa mbele ya pua yako, lakini usiku amelala kwenye ncha ya kijiti na rangi yake imepauka, ukimulika tochi anang'aa mweupe kabisa kwenye majani ya kijani. Mtoto mwenye macho mazuri atawaona wengi kuwazidi nyinyi wakubwa. Kuna wa pembe tatu, dume ndo mwenye pembe, jike hana, na kuna wadogo kama urefu wa kidole wanakaa chini chini na huwezi kuwatofautisha na jani kavu, hao ndo inabidi muangalie mnapokanyaga. Usimulike muda mrefu, muonesheni mtoto, hesabuni pembe, muende. Msimshike. Watu wetu wengi wanamuogopa kinyonga wanampiga mawe wakidhani ana sumu, hana sumu kabisa, na wapo watu wanaowakamata kwa magendo kwahiyo mtu yeyote akiwaambia atawatafutia wa kubeba mkatalieni na mkamripoti ofisini.

Mtasikia pia komba, analia usiku kama mtoto mchanga. Mwambieni mdogo mapema kabla ya kulala kwamba kuna mnyama mwenye macho makubwa atamuita usiku, akimsikia yeye ndo awaamshe wengine. Nimeona watoto wanavyobadilika wakipewa jukumu hilo.

Jambo la pili ni ua. Kwenye miamba yenye kivuli karibu na vijito kuna ua dogo la zambarau, majani yake yana manyoya manyoya. Hilo ua limejaa kwenye madirisha ya nyumba za Ulaya na Marekani, linauzwa kwenye vyungu kila mahali, na asili yake ni kwetu. Mjerumani mmoja aliyekuwa mtawala wilaya, Walter von Saint Paul-Illaire, ndo aliyelipeleka kwao na mwaka 1893 likapewa jina la kisayansi kwa jina lake, Saintpaulia. Huku kwenyewe linapungua kwa sababu likikosa kivuli cha miti mikubwa linakauka. Liangalieni hapo hapo lilipo, msing'oe hata jani moja, na mwonesheni bibi mana inawezekana analikumbuka utotoni.

Na kwakuwa wewe mama una watoto wa shule, waambie kwamba mto Zigi unaanzia humo msituni, unashuka mpaka bwawa la Mabayani na ndo maji ya bomba ya Tanga mjini. Msitu ule ukikatwa, bomba la Ngamiani linakauka. Hii hata kijana wetu hapo juu naomba aifikirie, maana anayakunywa kila siku.

Kijana wa Ngamiani

Babu shikamoo, nimekuelewa. Mi nilijua maji yanatoka bwawani basi, huko nyuma sikuwahi kufatilia. Ntarudi huko asubuhi mapema safari hii.

Mama Wawili wa Mbezi

Jamani asanteni mno, nimemsomea mama haya yote kwa sauti, Babu Sigi amekusalimia, na hilo ua analijua, anasema walikuwa wanaliona wakienda kuteka maji mtoni. Nimeshaamua ni Amani, na kama Ushongo kutakuwa na kiota tutashuka siku mbili za mwisho. Sasa naomba mnisaidie hili la mama, sisi tukiingia njia za msituni yeye atakaa wapi? Sitaki awe anatungojea kwenye kitanda cha gesti wakati kule ndo kwao. Alafu malipo yanakuwaje na tubebe nini.

Mtu wa Muheza

Bibi mpangieni hivi. Siku ya kwanza msipande moja kwa moja, simameni Sigi pale chini lango la hifadhi lilipo, kuna lile jengo la zamani la stesheni, reli ya Wajerumani iliishia hapo. Pale ni tambarare, mto upo karibu, vipepeo ni wengi jua likitoka, yeye anakaa kwenye kiti na anaona zaidi ya nyinyi mnaotembea. Mkishafika juu, kuzunguka kwenye bustani ya miti ya Amani hakumchoshi sana, njia zingine ni pana za kupita gari. Wajerumani walianzisha kituo chao cha utafiti wa mimea pale mwaka 1902 wakapanda miti ya kutoka mabara tofauti, ipo mpaka leo mikubwa kweli kweli. Mbega na hondohondo wanakuja mpaka hapo kwenye makazi, kwahiyo hatakosa kitu. Na kwakuwa baba yake alikuwa mtu wa iliki, ombeni mwongozaji awapitishe kwenye shamba la viungo la mwanakijiji, kuna mdalasini, karafuu, pilipili manga, na iliki yenyewe inaota kwenye kivuli. Hapo bibi ndo awe mwalimu, watoto wamsikilize yeye. Ila aelezwe pia kwamba siku hizi kulima iliki ndani ya msitu wa hifadhi hairuhusiwi, sehemu kama Derema wakulima walilipwa fidia wakatoka, asije akashangaa akiona mahali alipokuwa anapajua pamerudi kuwa msitu.

Mkiona bado mna nguvu kuna Magoroto pia, hukohuko Muheza, ina ziwa dogo katikati ya miti na michikichi, watu wanapiga kambi kwa mahema, bibi anaweza kukaa ukingoni siku nzima na watoto wakapanda mtumbwi. Hapo kuna watu wengi wikiendi na muziki wakati mwingine, kwahiyo kama mnataka ndege nendeni katikati ya wiki.

Malipo, hifadhi ya Amani ipo chini ya TFS, wale wakala wa serikali wa misitu, unapewa kontroo namba unalipa kwa simu au benki, bei ya raia ni tofauti na ya mgeni kwahiyo beba kitambulisho cha NIDA, na watoto wabebee vyeti vya kuzaliwa hata kopi. Mwongozaji chukueni wa pale kijijini, hao wameanza kutembea msituni wakiwa wadogo, anasikia sauti moja anakwambia ndege gani. Pesa taslimu ibebeni toka Muheza mana juu huko msitegemee kutoa benki.

Viatu viwe vya kufunika mguu mzima, sendozi hapana, suruali mchomeke ndani ya soksi kwa ajili ya siafu na kupe. Mkikuta msafara wa siafu njiani ruka usisimame katikati, mtoto mdogo mbebe. Koti la mvua kila mtu, tochi kila mtu na betri za akiba, chandarua ulizia kama gesti wanayo. Kwenye maporomoko watoto wasiruke ruke kwenye miamba, ina ukoga unateleza, na maji yaliyotuama msiogelee kwa sababu ya kichocho.

Machungwa nunueni Muheza barabarani, mwezi wa sita ndo yanaanza kuwa mengi, maganda mrudi nayo chini kwenye mfuko.

Bint Pangani

Mama Wawili nimeuliza Ushongo leo, wameniambia viota vipo lakini tarehe hawawezi kuahidi mpaka siku zikaribie. Nitumie ujumbe humu humu wiki moja kabla hamjatoka Dar nikuulizie tena. Na siku mtakayoshuka kutoka Amani mfunge mizigo usiku, magari ya kushuka Muheza yanaondoka alfajiri sana.